Masika, mishahara na kayongo

Mvua ya maana imeanza Busia, na kama kawaida yake imemkuta mwalimu hana nafasi. Tuko katikati ya muhula wa kwanza, madaftari ya kidato cha pili yamejaa mezani, na pesa ya mbegu bado iko kwa mhasibu wa shule. Wanaoniuliza sokoni, "Mwalimu, bado upo?" nawajibu kwamba nipo, walau mpaka mahindi yaive.

Nianze na kazi. Ukisoma karatasi za serikali, mwalimu wa Kiswahili Uganda leo angekuwa anachagua shule kama mama anavyochagua sangara kule Majanji. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaongeza kwamba kifundishwe kwa lazima hata shule za msingi. Siku ile nilipigiwa simu za pongezi na jamaa ambao hawajawahi kuniuliza ninakula nini.

Tatizo liko kwenye ratiba. Kidato cha tatu Kiswahili kinageuka somo la hiari, nusu ya darasa inahama, na vipindi vyangu vinapungua. Shule ya binafsi hulipa kwa kipindi. Kwa hiyo kila mwaka nafundisha umati wa watoto wadogo, halafu nabembeleza wachache waendelee, na mshahara wangu unategemea ule ubembelezaji. Wenzetu wa sayansi wenye shahada walio serikalini walipandishiwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi mwaka 2022. Walimu wa masomo ya sanaa, lugha zikiwamo, waligoma Juni ile, kisha wakarudi darasani. Mimi sikugoma, mkurugenzi wetu angenishukuru kwa kumpunguzia gharama.

Sasa kuna milango miwili. Wa kwanza ni Tume ya Utumishi wa Elimu: usaili nilifanya, majina hayajatoka, na nimeacha kuuliza kwa sababu kila ninayemuuliza ana binamu anayejua zaidi. Wa pili ni Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Isingiro. Shirika moja linatafuta mwalimu wa kuwafundisha Kiingereza watu wazima waliotoka Kongo, na linataka anayeweza kueleza mambo kwa Kiswahili. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na malipo yake ni ya mwezi, si ya kipindi. Kazi yenyewe naitamani. Kiswahili cha Kongo kina ladha yake, na mtu mzima anayejifunza ili aongee na daktari hasinzii darasani. Lakini Busia na Isingiro ni kona mbili za nchi: huku mashariki mpakani na Kenya, kule kusini-magharibi karibu na Tanzania. Huwezi kwenda kupalilia Jumamosi ukarudi.

Na palizi ndiyo hoja yenyewe. Shamba letu limeingiliwa na kayongo, lile gugu la striga lenye maua ya zambarau ambalo mgeni hulisifia. Halishindani na mahindi juu ya ardhi tu. Linajishika kwenye mizizi yake na kuyanyonya, na ukiona maua ujue hasara ilishatokea chini. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri mahindi. Mama, ambaye amelima pale tangu sijazaliwa, huling'oa akilisemesha kama mdai.

Msimu huu tunajaribu njia iliyotengenezwa na watafiti wa Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa. Mizizi yake inaziotesha mbegu za kayongo kisha inazizuia zisishike mahindi, zikafa bila kuzaa. Harufu yake inafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi, na pembeni unazungushia majani ya brachiaria yanayowavuta huko nje. Majani yote hayo ni chakula cha ng'ombe. Mahindi nimechagua Longe 5. Maharage ya NABE 15 yatakaa kipande cha pekee karibu na jikoni, pamoja na dodo, yaani mchicha, na sukuma. Nyanya hapana, nyanya zinataka mtu asiye na madaftari.

Ila desmodiamu ni mtoto msimu wa kwanza. Inachelewa kushika ardhi, magugu yanaifunika, lazima ipaliliwe kwa mkono na mtu anayeitambua. Ikishashika inadumu miaka. Mama magoti yanamsumbua, na kibarua wa kukodi ataing'oa akidhani ni majani. Nikawaandikia wa Nakivale kwamba naweza kuanza Agosti, baada ya mavuno, si Aprili. Dada yangu aliposikia alinipigia: "Yaani unaiambia milioni isubiri majani?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba yeye ndiye atakayeyakata mwakani. Shirika halijajibu.

Wakati huo huo shamba limenipa kazi ya darasani. Asilimia 20 ya alama za mtihani wa kidato cha nne sasa hutoka kwenye kazi za shuleni, basi wale wachache waliobaki na Kiswahili wanaandika kijikaratasi cha kuwaeleza wauza mbegu na wakulima wa hapa namna ya kupambana na kayongo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na misamiati mizito mpaka Mama akauliza ni ya mahakama. Wanaandika upya.

Mbegu za desmodiamu ni ghali, kwa hiyo nimeomba vipande vya mashina yake yanayotambaa kwa jirani aliyeanza mapema. Tunapanda Jumamosi, mvua ikituacha. Aliye karibu aje na jembe lake. Chai ipo; sukari uje nayo.