Nililaza shamba miezi sita, kuvu akalala nalo: nilivyookoa kibanja changu

Kibanja chetu kiko Muleba, mkoani Kagera. Upande wa bondeni ulikuwa wa kanana, ile ndizi ndogo tamu ambayo kwingine huitwa kisukari. Kanana hizo ndizo zilizolipa ada za wanangu wawili. Leo bondeni hakuna hata shina moja la kanana, lakini mikungu inatoka, na nimeridhika. Ningefika hapa mapema zaidi kama nisingetibu ugonjwa ambao shamba langu halikuwa nao.

Mgomba wa kwanza uligeuka manjano kwenye kingo za majani ya chini. Baadaye majani yakavunjika shingoni, yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi. Sasa, tangu unyanjano, ule ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba, uingie Kagera mwaka 2006, kwetu mgomba ukinyauka kila mtu ni daktari. Nikaambiwa: vunja ua dume kwa kijiti cha panda, ng'oa yote, pumzisha shamba miezi sita, panda tena. Kwa unyanjano huo ni ushauri mzuri kabisa, maana bakteria wake hawadumu udongoni pasipo migomba. Nikafuata yote.

Na nikaongeza la kwangu, ambalo hadi leo linaniuma. Mashina niliyong'oa niliona hasara kuyatupa. Nikayakatakata vipande vidogo, siku tatu nzima na kijana mmoja wa kibarua, tukavitandaza bondeni kote kama matandazo. Shamba likapendeza, hata jirani akaja kuangalia. Nikapanda maharage misimu miwili, kisha nikarudisha machipukizi 40 ya kanana. Mwezi wa tano sketi zikaanza tena, safari hii hata kwenye kona ambazo awali hazikuwa na mgomba mgonjwa.

Nikamwita bibi shamba. Hakunishauri lolote kwanza.

“Mzee, nipe panga.”

Akakata shina, akaniambia tukae tusubiri. Tukakaa robo saa na zaidi.

“Unaona usaha wa njano?”

“Sioni, mama.”

“Basi huo si unyanjano.”

Akapasua ndizi changa: ndani nyeupe, safi, wakati ya unyanjano huwa na kutu. Akapasua shina kwa urefu, na hapo ndipo nilipoona nyuzi za kahawia nyekundu zikipanda kutoka kwenye tunguu kama mishipa iliyoungua. Mnyauko wa fuzari, akasema, ule unaoitwa pia ugonjwa wa Panama.

Maelezo yake nayarudia kwa kila anayepita kwangu. Kuvu huyu mgomba ukifa hafi nao. Anaacha spora, yaani vijimbegu vyake, zenye ganda nene, ambazo hulala udongoni. Hazihitaji chakula, zinangoja tu. Mzizi wa mgomba ukipita karibu, majimaji yanayotoka kwenye mzizi ndiyo yanayoziamsha. Zinaweza kungoja miaka zaidi ya 20, na kuvu anaweza hata kuishi ndani ya mizizi ya nyasi bila nyasi kuonyesha dalili. Miezi yangu sita kwake ni nini? Na vile vipande nilivyotandaza vilikuwa vimejaa yeye.

Huko Amerika ya Kati makampuni makubwa yalihama bonde hadi bonde yakimkimbia kuvu huyu, mwishowe, miaka ya 1950 na 1960, yakaachana na aina ya ndizi ya Gros Michel na kupanda Cavendish, aina iliyomstahimili. Nikajiuliza: mimi na jembe langu nitamtoaje udongoni? Nikaacha kutafuta dawa.

Bondeni nikapanda nshakara, maana ndizi zetu za kupika hazidhuriki na aina hii ya kuvu, pamoja na FHIA-17, aina ya ndizi iliyozalishwa Honduras. Miche, kibarua na usafiri vilifika laki mbili na kitu, sikuandika.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuzuia udongo wa bondeni usipande juu, na hapa nina mbinu ninayojivunia. Jembe la bondeni nimelifunga kitambaa chekundu mpinini, na halitoki huko. Mabuti pia. Chombo kikilazimika kutoka, kinasuguliwa kwa brashi hadi udongo uishe, ndipo kinapakwa jiki. Wengi wanamwaga jiki juu ya tope wakidhani wamemaliza, kumbe tope lenyewe linaimaliza nguvu jiki. Juu ya eneo nimechimba mfereji wa kukinga maji ya mvua yasipite humo, na mbuzi nimewahamishia njia nyingine, kwa sababu kwato nazo hubeba udongo.

Wanaosafiri kusini wawe waangalifu. Msumbiji iligundulika mwaka 2013 kuwa na aina ya kuvu huyu inayoua hata Cavendish, kwa hiyo tafadhali msituletee chipukizi kama zawadi.

Wiki iliyopita shemeji yangu aliniomba machipukizi ya kanana kutoka upande wa juu. Yalikuwa mabichi, yamenawiri, hayana doa. Lakini chipukizi linaweza kumbeba kuvu bila kuonyesha chochote, nami kabla ya kile kitambaa chekundu nililima juu na bondeni kwa jembe moja miaka mingi. Nikamnyima. Nikampa hela ya nauli akanunue miche iliyooteshwa maabara, akaondoka amenuna.