Mlio wa gia ya nne

Embe la kwanza la msimu limeangukia bati leo alfajiri, saa kumi na moja na kitu, nikakurupuka nikidhani ni pikipiki. Nikakaa kitandani najiuliza limegonga upande gani, kushoto au kulia. Hapo ndipo nilipojua nimefika pabaya. Tabora hii ina miembe kila uani, na msimu ndiyo kwanza unaanza.

Niandike basi, maana nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza tena. Mwezi uliopita mke wangu alishatoa hukumu: "Baba watoto, hiyo pikipiki ama uiuze, ama uniambie rasmi kwamba ni mke mwenza, nijue nakaa naye vipi."

Ni pikipiki ya masafa. Injini ya sisi (cc) 650, silinda mbili, kioo kirefu cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni. Niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, ikiwa imeshatembea kilomita 41,000. Vijana wa bodaboda pale stendi wanaiita "meli", na wakiiona imepaki hawakosi kuuliza inakula lita ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba inalia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: mlio nausikia peke yangu.

Upo hivi. Injini ikiwa baridi, hamna kitu. Ikishapata moto, gia ya nne, mshale wa mizunguko ukiwa kati ya 3,000 na 3,400, spidi sitini hivi, mkono umetulia, huvuti mafuta wala huachii, unaanza: tik-tik-tik-tik, mkavu, upande wa kushoto chini, kama mtu anayegonga kucha kwenye mfuniko wa sufuria. Ukivuta mafuta unakata. Ukiachia unakata. Ukirudi katikati, naye karudi.

Wazee wetu walipokiona chombo hiki kwa mara ya kwanza hawakukipa jina la magurudumu yake wala la kazi yake. Walikipa jina la mdomo wake: pikipiki, tukutuku. Sijui kama kuna chombo kingine tulichokisikiliza kiasi hicho kabla ya kukibatiza. Kwa hiyo nikiambiwa kulia ndiyo asili yake, siwezi kubisha. Ila saa tisa usiku asili hainisaidii.

Mwanzoni nilifanya kila kitu ambacho mtu mwenye hofu hufanya. Nilitoa kile kioo cha mbele, na mlio ukapungua nusu nzima! Nikashangilia, kumbe kioo ndicho kilichokuwa kinaukusanya kutoka kwenye injini na kunirushia usoni, ndani ya helmeti. Fundi anayesimama pembeni hawezi kuusikia kama mimi niliyekaa juu. Kioo nikakirudisha, maana bila kioo upepo wa barabarani unaumiza masikio kuliko tik-tik yoyote.

Halafu nikajifunza hesabu ambayo fundi mzuri anaifanya kichwani bila kukuambia. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemu, mhimili unaofungua vali, inazunguka mara moja. Kwa hiyo kitu kinachogonga huku juu kwenye vali kinagonga kwa nusu ya mwendo wa injini, na kinachogonga chini, kwenye pistoni au mkono wake, konrodi, kinafuata kila mzunguko. Mmoja anatembea, mwingine anakimbia. Na kujua kama mlio unafuata tairi wala si injini, toa gia na zima injini ukiwa kwenye mteremko: ukiendelea, tafuta kwenye cheni na beringi. Mteremko Tabora ni wa kutafuta kwa tochi, lakini nilipata kamoja, nikazima, nikasikia upepo na mbwa wa watu. Basi ni injini.

Fundi wa kwanza simtaji, ni kijana mzuri na ana familia. Alifungua mfuniko wa vali, akatikisa kichwa, akasema tapeti, zile zinazosukuma vali, zimelegea. Akakaza skrubu kwa kusikiliza, bila fila gaji, kile kibamba cha kupimia nafasi, anakaza kidogo, anawasha, anazima, anakaza tena. Mwishowe: kimya. Injini inazunguka kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta. Nilimlipa, nikamwongezea na soda. Wiki mbili nilitembea kama mfalme.

Wiki ya tatu ikaanza kugoma. Asubuhi inawaka kwa mguso mmoja. Mchana nikisimama sokoni dakika tano kununua michembe, inakataa mpaka ipoe. Nguvu ikapungua, hata nikibeba mtoto mmoja inahema.

Nililazimika kuelewa. Vali ya ekzosi inapitiwa na moto kila mara, na inapata nafuu pale tu inapofunga na kukaa kwenye kiti chake, ikaukabidhi ule moto kwa hedi, kichwa cha injini. Tapeti ikibanwa mno, chuma kikipata joto kinarefuka, vali haifungi sawasawa. Haikai, haipoi, moto unapenya ubavuni na kuila polepole. Na yote hayo inayafanya bila kupiga kelele hata kidogo. Ndiyo maana kitabu cha pikipiki kinataka iachwe nafasi, nyembamba isiyofika robo ya milimita, ipimwe injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ina mlio wake mdogo, na mlio huo ni halali. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliikariri darasa la tano nikadhani inahusu watu wapole.

Fundi wa pili akazirudisha kwenye kipimo. Bahati, vali zilikuwa hazijaungua. Mlio halali ukarudi, na nyuma yake, kama mgeni anayejua njia, ule wangu wa gia ya nne. Hazikuwa tapeti hata siku moja.

Jumapili moja nikaisukuma mpaka kwa baba.

Baba aliingia reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977, na alistaafia hapahapa Tabora. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika hapa inakatwa: mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule. Wakati abiria wanashuka kununua asali na chai, yeye na wenzake walikuwa wanapita chini na nyundo ya mpini mrefu, wanagonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima linajibu kwa sauti ndefu. Lenye ufa linajibu kifupi, sauti imekufa, kama chungu kibovu mama anapokigonga kwa kidole sokoni kabla ya kutoa hela. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunalala na sauti hiyo, ngii, ngii, ngii, na mama alikuwa akisema baba yenu huyo anahesabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Na huyo uliyekuja naye anaumwa nini?"

Nikamweleza yote: kioo, kemu, tapeti, spidi sitini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akatoka na bisibisi ndefu. Akaniambia niwashe. Ncha akaiweka kwenye bloku, mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akafumba macho. Akahama, akaweka kwenye mfuniko wa klachi. Akahama tena. Jirani alipita akatoa salamu, hakujibiwa. Dakika kumi hivi.

"Inalia," akasema.

"Ndiyo, baba, hilo nalijua."

"Hujanielewa. Kila gurudumu lililia. Hakuna gurudumu bubu, bwana. Nilikuwa sitafuti linalolia. Nilikuwa natafuta lililobadilika." Akanirudishia bisibisi. "Huu wako umebadilika tangu uanze?"

Nikafungua mdomo nikakuta sina jibu. Miezi saba nimeusikiliza kila siku, nimeukosesha mke wangu amani, na nilikuwa sijui kama umeongezeka, umepungua, au uko vilevile. Nilikuwa nausikiliza kwa woga tu. Baba alinitazama kama alivyokuwa ananitazama nikirudi na ripoti ya shule.

"Nunua daftari," akasema, akaingia ndani kula.

Nimenunua daftari la kurasa 96. Naandika kilomita, baridi au moto, gia, mizunguko, mzigo, oili ina umri gani. Mengine tumeshayaondoa: gasketi ya ekzosi haina masizi, kinga ya joto tumeifunga waya, cheni ya taimingi imekaguliwa na kile kinachoikaza ni kizima. Kilichobaki, kwa mawazo ya fundi wa pili na ya bisibisi ya baba, ni klachi: lile bakuli linaloshika sahani zake lina springi ndogo nyuma yake za kupokea mishtuko, zikichoka linacheza. Linatulia likisukumwa upande mmoja au mwingine, linagonga likiachwa katikati. Inaendana na ninachosikia. Ila nikiminya klachi mlio unapungua tu, haufi, na hapo fundi anakuna kichwa. Spea yenyewe haipo nchini, na bei yake nikimtajia mke wangu nitahamia gereji.

Agosti nilikwenda nayo Kigoma, kwa dada. Kilomita 400 na ushee, asali lita kumi kwenye sanduku la kulia na daftari kwenye la kushoto. Mke wangu aliuliza kwa nini nisipande treni kama binadamu.

Urambo nilifika asubuhi bado. Mzee mmoja kando ya barabara akanisalimu "Mwangaluka" na kuizunguka pikipiki mara mbili. Kaliua nikanywa chai. Mpaka hapo ni tambarare, gia ya nne na ya tano, na mlio ulikuwepo kwa uaminifu wote. Baada ya Kaliua misitu ya miombo inakufuata muda mrefu bila nyumba, na huko ndiko hofu inakopata nafasi. Nilijikuta napanga nitakachofanya ikifia hapo: asali nitaipa nani, nitalala wapi. Kwenye daraja la Kikwete, Mto Malagarasi, nilisimama, nikazima, nikasikia chuma kikipoa, tik... tik..., nikacheka peke yangu. Wavuvi wawili waliokuwa chini walinyanyua vichwa.

Kipande cha kwenda Uvinza wakati ule kilikuwa na vumbi na mashimo, gia ya pili na ya tatu, hakuna cha kusikiliza isipokuwa mifupa yangu mwenyewe. Uvinza nikakuta magunia ya chumvi. Kisha lami tena, na milima. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kwenye 770 hivi. Mita zote hizo unazilipa unapokaribia Kigoma, unapanda vilima na kuteremka zaidi ya ulivyopanda. Ukipanda injini inavuta, ukiteremka inashikilia, haikai katikati. Kwa hiyo mlio haukuwepo. Dakika ishirini, nusu saa, haupo. Nilijua kwa nini haupo, nilikuwa nimeshauandika hata sababu yake, na bado nilisimama pembeni nikachomoa kijiti cha oili kuangalia. Oili ilikuwa sawa. Jua linazama upande wa Kongo, nami nimechuchumaa na tambara mkononi kwa sababu hakuna tatizo.

Shemeji yangu ni mtu wa maboti. Usiku, tukila migebuka na ugali wa muhogo, nilimweleza habari nzima, na daftari nikamwonyesha. Alilisoma kwa heshima kabisa, ukurasa kwa ukurasa, halafu akaelekeza kidole gizani, upande wa bandari. "Meli ile ya Liemba unaijua? Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, mainjini wameyapaka grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaingia kazini. Miaka minane baada ya kuzamishwa, shemeji. Wewe unalia na tik-tik."

"Lakini waliipaka grisi," nikasema.

"Hapo umenishinda."

Nilirudi na mawese, dagaa, na mistari kumi na minne kwenye daftari. Baba aliisoma yote jioni ileile, amevaa miwani ya mama, akapiga mstari wa penseli chini ya mahali pamoja tu, pale baada ya Kaliua nilipoandika "mkubwa zaidi?" na alama ya kuuliza. Akasema alama ya kuuliza siyo kipimo.

Mchana huu, baada ya embe la tatu, nimetoka nayo mpaka Ipuli na kurudi. Nimeandika hivi:

Km 56,212. Baridi: hakuna. Moto: upo. Gia ya nne, 3,100 hadi 3,400. Bila mzigo. Oili ina km 1,900. Klachi ikiminywa: unapungua. Haujabadilika.