Jina la Yesu si ndumba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Huku kwetu Masasi habari za uchawi hazikauki midomoni. Msimu wa korosho ukifika, mwenye magunia mengi ghalani husemwa ana lake jambo. Muuza duka akiona hela zinapungua analia chuma ulete, yaani uchawi wa kumwibia hela. Mtoto akiugua ghafla, kuna bibi ataanza kutazamwa vibaya. Lakini uliza uchawi ni nini hasa, utapata majibu mengi. Wazee watakwambia mchawi hudhuru, mganga hutibu. Serikali, katika Sheria ya Uchawi ya 1928, iliingiza humo hata kudai tu kwamba unayo maarifa ya siri. Mwaka 1905 Wajerumani waliona uchawi katika maji ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji. Waliopewa maji hayo waliyaita dawa, wakiamini risasi zitageuka maji.

Wengi wetu huutambua kwa vifaa: hirizi, tunguri, mizizi. Kipimo hicho hakifiki mbali. Yesu alitema mate, akafanya tope, akampaka kipofu machoni (Yohana 9). Yakobo anaagiza wagonjwa wapakwe mafuta. Leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, wakapona.

Hapo hapo, katika Matendo 19, kinafuata kisa cha wana saba wa Skewa, nami kila nikikisoma nashtuka. Waliona jina la Yesu likitoa pepo kwa kinywa cha Paulo, nao wakalichukua. Hawakubeba tunguri wala hirizi. Walibeba jina lipitalo majina yote. Pepo akawajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo anamfahamu, lakini wao ni akina nani? Wakakimbia nyumba ile uchi, wamejeruhiwa. Walitaka nguvu za Yesu bila Yesu mwenyewe. Naamini uchawi uko hapo: kutaka nguvu za juu zitii mkono wako, bila kujali mwenye nguvu hizo anapenda nini. Anayesali humwomba Baba, kisha humwachia jibu, hata likiwa hapana.

Nasema kwa uchungu, maana jambo hili limo kanisani. Mtu ananyunyiza chumvi ya upako shambani, dawa ya salfa hajapulizia, ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua ya mikorosho. Halafu anamshuku jirani aliyepulizia kwa wakati. Ubwiriunga ni ukungu, huenezwa na upepo. Kumwita jirani mchawi kwa sababu hiyo ni kumshuhudia uongo, na huku kwetu uongo wa namna hiyo umewahi kumfanya mzee akimbie nyumba yake.

Katika sura hiyo hiyo ya Matendo 19, Waefeso waliochoma vitabu vyao vya uchawi, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, walikuwa wameshaamini. Mstari wa 18 unasema hivyo waziwazi. Walikuwa waumini, na vitabu vimo ndani. Kila mmoja alileta vya kwake. Luka, mwandishi wa Matendo, hataji popote aliyetumwa kukagua nyumba ya mwenziwe.

Juma hili tusome Matendo 19:11–20 nyumbani, pamoja na watoto. Na yule bibi anayesemwa mtaani kwako, mpitie umsalimu, umwombe aje asome nanyi.