Chili ya nyumbani, chumvi kidogo

Baba Salma alipoambiwa na daktari kwamba presha iko juu na apunguze chumvi, nilirudi nyumbani nikatoa makopo na vipakiti vyote kabatini, nikaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Hapa Marekani wanashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,300 za sodiamu kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na humo imo mpaka ile ya kwenye mkate. Kipakiti cha viungo vya chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili wa huku Marekani ambao mimi natia na maharage, nilichozoea kununua kilikuwa na chumvi tele. Nikaachana nacho. Chili yenyewe sikuiacha, watoto wanaipenda mno.

Sasa viungo nachanganya mwenyewe. Bizari nyembamba, vijiko viwili vya chai, naitia kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, nikiitikisatikisa. Mwanzo haisemi kitu. Kisha punje zinakoza rangi, moja mbili zinaruka, na mara jiko zima la Houston linanukia pilau ya sikukuu kwetu Tanga. Hapo hapo naiepua, ikizidi inakuwa chungu. Naitwanga, nachanganya na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), oregano kavu (majani ya kunukia) na pilipili ya unga kidogo.

Maharage mekundu nanunua makavu, vikombe viwili, naloweka usiku kucha. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka wa kwanza niliyatia mabichi moja kwa moja kwenye sufuria ya umeme inayopika polepole, nikaenda kazini. Jioni tukala, na usiku ule watoto wote wawili walitapika. Maharage haya yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Mwaga maji uliyolowekea, tia mengine, yachemke kwa nguvu, yatokote dakika 10 bila kupungua. Mimi nayaacha nusu saa. Baada ya hapo ndipo upunguze moto hadi yaive. Ukitumia ya kopo, hayo yameshaiva. Yasuuze tu vizuri, chumvi kiasi itaondoka na maji.

Mengine ni mepesi. Vitunguu viwili, saumu, pilipili hoho, nusu kilo ya nyama ya bata mzinga ya kusaga, viungo, makopo mawili ya nyanya zisizotiwa chumvi, halafu maharage. Dakika 40, rojo iwe nzito. Nikishaepua nakamulia ndimu nzima, na ndimu hiyo ndiyo iliyomsahaulisha Baba Salma chumvi.

Jirani yangu, mzaliwa wa Texas, hawezi kuiita chili. Kwao chili ni nyama na pilipili, maharage hayaingii, na tangu 1977 ndicho chakula rasmi cha jimbo lao. Namheshimu, ila maharage siyatoi: yanashibisha, na nyama inatumika kidogo.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alionja, akatulia, akaniambia, "Mama Salma, haya si maharage yetu na nyama ya kusaga? Nisongee ugali." Nikamsongea. Tangu siku hiyo tunailia ugali, na inayobaki naigawa kwenye vibakuli vinne, naigandisha, ndiyo chakula cha mchana cha Baba Salma kazini.