Hondo Ohnaka na hesabu zake

Katika Star Wars nzima, zile filamu na katuni za vita vya angani, ninayemkubali si Jedi yeyote, wale mashujaa wenye panga za mwanga. Ni haramia Hondo Ohnaka, yule kiumbe wa jamii ya Weequay mwenye ngozi iliyokunjamana na koti refu jekundu. Labda kazi yangu inachangia: nashika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Majengo, na huyu jamaa hafanyi jambo kabla ya kupiga mahesabu.

Alianza kuonekana mwaka 2009, kwenye katuni ya The Clone Wars. Genge lake linamteka Count Dooku, kiongozi wa waasi wanaopigana na Jamhuri, naye Hondo anataka Jamhuri imlipe kwa spaisi, yaani dawa ya kulevya yenye thamani kubwa, ili amtoe. Jedi wawili, Obi-Wan na Anakin, wanatumwa kuhakiki mzigo, yaani Dooku mwenyewe. Badala ya kusubiri malipo yaingie, Hondo anawaandalia karamu, wanatiliwa dawa, wanakuja kuzinduka wamo mahabusu pamoja na Dooku. Kutoka mateka mmoja hadi watatu! Kumbe naye msaidizi wake, Turk Falso, alikuwa na mahesabu yake ya pembeni. Mwisho wa yote Obi-Wan anamwacha Hondo salama, ila anamkumbusha kwamba Dooku si wa kusamehe, na kwake, kwenye sayari ya Florrum, anapajua. Mwaka 2012 deni likaja kudaiwa: Grievous, jenerali wa Dooku, akatua Florrum na jeshi la droidi, yaani roboti, kambi ikawa kifusi.

Lakini sehemu ninayoirudia ni ya mwaka 2010, ya sayari ya Felucia. Wakulima wa huko wanalima nysillin, mmea wa dawa, na Hondo anakuja kuwanyang'anya mavuno. Wamekodi wapiganaji wanne wa kulipwa, kiongozi wao mwanamke aitwaye Sugi.

Siku moja tukiitazama sehemu hiyo, mjomba wangu, mkulima wa zabibu kule Mpunguzi, Dodoma, alikuwa mjini kufuatilia malipo yake ya msimu uliopita. Akakaa sebuleni na sisi. Mpwa wangu anamshangilia Hondo, mzee kanuna.

"Huyo si dalali huyo?"

"Babu, huyo ni haramia wa angani."

"Kaja kipindi gani?"

"Cha mavuno."

"Basi ndiye."

Sikuwa na la kumbishia. Zabibu ikishaiva haisubiri mtu, na dalali analijua hilo kuliko mwenye shamba. Anakuja na bei yake mfukoni, ukikataa zinakuozea.

Ila tazama Hondo anavyoondoka Felucia. Anakin kamfuata mpaka juu ya kifaru chake cha vita, mambo yamemgeukia, basi anaamuru vijana wake warudi nyuma kwa sababu kazi haina faida tena. Hana kisasi, hana hata aibu. Ndipo ninapompendea hapo, na mjomba ndipo anapomchukia zaidi, maana mtu wa namna hiyo msimu ujao anarudi na tabasamu lile lile.

Siku hizi ana kampuni, eti ya usafirishaji. Mwaka 2019, kwenye bustani za burudani za Disney za California na Florida, wageni walianza kuingia mchezo wa chombo cha angani Millennium Falcon kumbebea magendo yake, na chombo kikigongwa gongwa uharibifu ulikatwa kwenye malipo ya waliokiendesha. Hiyo nilicheka peke yangu kaunta. Nikampigia mjomba nimsimulie. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mizani ya kupimia huo mzigo ni ya nani.