Kokatuu, baraza la mbao na majirani zangu

Mbao laini hazidumu Blackheath. Ni mji mdogo kwenye milima ya Blue Mountains, magharibi mwa Sydney, Australia, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zake nyingi ni za mbao, zimekaa ukingoni mwa msitu wa mikaratusi. Sisi wa Afrika Mashariki tumeuzoea mkaratusi kama mti wa nguzo na kuni. Huku ndiko kwao, na viumbe wa huku wameishi nao enzi na enzi. Anayejitangaza kuliko wote ni kokatuu, kasuku mweupe mwenye urefu unaokaribia nusu mita, mwenye kishungi cha manjano anachokisimamisha akishtuka au akichachamaa. Sauti yake ni ukelele mkali wa kukwaruza, na kundi zima likipita juu ya bati alfajiri hakuna anayeendelea kulala.

Nyumba tuliyoinunua ilikuwa na baraza la mwerezi mwekundu, mbao inayotoka Amerika Kaskazini, nzuri kwa macho na nyepesi kwa fundi. Majira ya baridi ya kwanza hayajaisha, reli ya juu ilikuwa imechongwa mashimo. Kokatuu hawazili hizo mbao. Wanazitafuna na kuzimwaga chini vipande vipande. Kutoka kwenye reli wakahamia fremu za madirisha, wakauchomoa mpira unaoshika kioo, kisha wakapanda juu ya paa. Fundi wa sola alinishushia waya uliobaki shaba tupu, akaniambia kwamba ukiachwa hivyo unaweza kuwasha moto. Katika eneo ambalo moto wa msituni wa mwaka 2019 na 2020 ulifika hadi karibu na nyumba za watu, hilo si jambo la kulifumbia macho.

Nimekulia Mbarali, Tanzania, kwenye mpunga. Kuamia ndege ni kazi niliyoijua kabla sijajua kusoma: unakaa kwenye dungu tangu kunapambazuka, kombeo mkononi, unapiga debe na kupaza sauti mpaka jua linazama. Kwa hiyo wengi nyumbani wakisikia habari hii huniuliza kwa nini siwaamii. Jibu langu ni kwamba kwelea kwelea anapita, na mpunga ukishavunwa kazi imekwisha. Kokatuu ni mwenyeji, huishi miongo mingi, na baraza halina msimu wa mavuno. Tena katika jimbo hili la New South Wales analindwa na sheria: huruhusiwi kumdhuru wala kumtega bila kibali cha serikali. Majimbo mengine yana taratibu zao, na mtu akitaka kufanya lolote ni vizuri aulize kwanza.

Jambo la pili ni akili yao. Wakishuka kula majanini, mmoja au wawili hubaki mtini wakilinda. Bundi wa plastiki ambaye watu humweka juu ya paa wanamkagua kwa muda, wakimwona hasogei wanakuja kukaa kando yake. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Barbara Klump wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu kokatuu wa Sydney wanaofungua mapipa ya taka. Kabla ya mwaka 2018 tabia hiyo ilijulikana katika vitongoji 3 tu. Kufikia mwisho wa 2019 ilikuwa imefika vitongoji 44. Ndege walikuwa wakitazamana na kuigana. Mwaka uliofuata watafiti hao wakaonyesha upande wa pili, kwamba hata watu walikuwa wakiigana. Mmoja akiweka tofali juu ya mfuniko, jirani zake nao wanaweka. Ndege wakijifunza kulisukuma lile tofali, watu wanatafuta njia nyingine.

Hiyo habari ya majirani ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nikilitengeneza baraza langu peke yangu huku chanzo cha msongamano wa ndege kikiwa nyumba ya pili yake.

Mdomo wa kokatuu hauachi kukua, kwa hiyo lazima atafune kitu ili usizidi kipimo. Msituni kazi hiyo inafanyika wakati anapasua mbegu ngumu, anachimbua mizizi na kukata vijiti, shughuli inayomaliza sehemu kubwa ya siku yake. Akipewa sahani ya mbegu za alizeti asubuhi, anashiba kwa dakika chache, na muda wote uliobaki hana la kufanya, yuko karibu na mbao zako, tena pamoja na wenzake wengi walioitwa na chakula kilekile. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, alikuwa akiwawekea sahani hiyo kila siku.

Sikwenda kwake na malalamiko. Nilikwenda na mke wangu, tukanywa chai, tukawatazama ndege pamoja. Alituambia amewalisha tangu mumewe yu hai, na kwamba wakati wa msiba wao ndio waliokuja kila asubuhi bila kukosa. Mtu akikueleza hivyo huwezi kumtajia bei ya mwerezi. Niliondoka bila kuomba chochote.

Kilichobadilisha mambo ni ndege mmoja. Alianza kuonekana kwenye sahani akiwa amenyonyoka kifuani, manyoya ya kishungi yamebaki machache na yamepinda, mdomo umekua vibaya. Jirani alikuja kunigongea mlango, amefadhaika. Tuliwapigia simu waokoaji wa wanyamapori, wakaja kumchukua. Ulikuwa ugonjwa wa mdomo na manyoya, unaosababishwa na kirusi kinachosambaa kwa vumbi la manyoya na kinyesi, na hauna tiba. Yule ndege ilibidi auawe kwa sindano. Mwokoaji alimweleza mama yule kwa upole kwamba ndege wengi wakikusanyika kwenye sahani moja, huambukizana kwa urahisi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo nikiwapenda, nisiwape?” Jioni hiyo aliiosha sahani kwa dawa na kuiweka stoo.

Niwe wazi kwa atakayejaribu: chakula kikikatwa, uharibifu huongezeka kwanza. Walikuja wakaidai ile sahani kwa kuutafuna mlango wa jirani, na mimi na mke wangu tukawa tunapokezana kumsaidia. Hapa ndipo kazi ya kuamia ilipofaa. Yule wa kwanza anayetua kuchungulia, unamrushia maji ya mpira papo hapo, hayamuumizi lakini hayapendi. Ukimwacha yeye atulie, wenzake wote wanamfuata. Nyumba nyingine mbili za mtaani zilikuwa zikitoa mikate, na aliyekwenda kuzungumza nazo ni yule mama mwenyewe. Mimi, mgeni wa mwisho kuhamia, nisingesikilizwa kama yeye.

Ndipo matengenezo yakawa na maana. Reli ya mwerezi niliing'oa, nikaweka mbao ngumu ya mkaratusi, na kwenye kila kona iliyokuwa kali nikapigilia kipande cha alumini kilichokunjwa, maana kokatuu huanza kutafuna pembeni. Nyaya za sola zimeingizwa ndani ya bomba la chuma, na pembezoni mwa paneli pana wavu wa chuma. Mitufaa tunaifunika kwa wavu mweupe wenye matundu yasiyopitisha kidole, umevutwa ukakaza kwenye fremu, kwa sababu wavu uliolegea hunasa ndege, popo na nyoka. Pipa la taka lina kifungo kinachojiachia gari la taka linapolipindua. Ukilifunga kwa kamba, halitamwagwa.

Nyuma ya nyumba kuna mkaratusi uliokufa wenye tundu kubwa juu. Nilishauriwa niukate ili wasipate pa kukaa. Nilikataa. Tundu la kutosha kokatuu kulea makinda huchukua zaidi ya miaka 100 kutokea katika mti, na moto na misumeno vimeshaondoa mengi. Mtaalamu wa miti alipunguza matawi ya hatari, shina likabaki. Kuanzia Agosti jozi moja hulitumia tundu hilo, na dume na jike hupokezana kuatamia. Wana kelele, hasa machweo, lakini msitu wao uko nyuma yao na wanashinda huko.

Baraza limeshapita majira kadhaa na alama chache tu. Kelele hazijapungua, na sikutegemea zipungue. Tumehamishia chumba cha watoto upande wa barabarani. Mwezi huu kuna familia imehamia nyumba ya kona, na nimeona mfuko wa alizeti kwenye gari lao. Jumamosi mimi na yule mama tutakwenda kuwakaribisha, naye ameshasema atazungumza yeye.