Nilivyopunguza taka za kantini ya chuo zinazopelekwa jaani Mwakirunge, Mombasa

Nilianzia kwenye mizani. Kabla ya kununua pipa lolote, mwaga taka za siku nzima juu ya turubai, vaa glavu, chambua, pima kila fungu. Kwetu kilicholemea ni chakula: maganda ya viazi na ndizi, wali, ugali. Kikifukiwa jaani bila hewa hutoa gesi ya methani, na kikichanganyika na karatasi au chupa, mnunuzi wa taka za kurejelezwa huzikataa.

Mapipa ya rangi tofauti ya kutenga taka kwenye korido niliyaacha mwisho. Kilichosaidia hasa ni ndoo za lita 20 zenye vifuniko, moja pale wapishi wanapomenya, nyingine pale sahani zinaporudishwa. Kubwa zaidi ya hapo mtu mmoja haibebi. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 yenyewe inataka zinazooza zitengwe na zisizooza, kwa hiyo uongozi haukuwa mgumu kushawishika.

Kisha lundo la mbolea. Lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo halishiki joto. Chini tandaza makumbi ya nazi yaliyochanwa, kina cha sentimita 15, hewa ipite. Juu yake kila ndoo 1 ya chakula iende na ndoo 2 au 3 za majani makavu na maranda ya seremala. Hizi kavu ziwepo tayari kabla ya ndoo ya kwanza ya chakula. Hapo ndipo wengi hukwama, maana chakula hakingoji. Ukisikia harufu kali ya amonia, ongeza kavu. Ukisikia uvundo, maji yamezidi na hewa haipiti: pindua lote kwa sepetu.

Joto la katikati lifike nyuzi 55 hadi 65, likizidi, pindua. Fumbata konzi moja: itoe tone moja au mawili tu. Wakati wa masika bila paa la mabati lundo hulowa na kupoa. Samaki na nyama nilivikataa kabisa, kwani kunguru wa Mombasa hufukua, na panya hufuata. Hata hivyo funika kwa wavu, na kila ndoo mpya ifukiwe chini ya majani makavu.

Baada ya miezi 3 au 4 chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 10. Vijiko vya plastiki vilivyopenya huonekana hapa. Makumbi huchelewa kuoza. Yarudishe chini ya lundo jipya.